Mbuzi Ameliwa, Kesi Ipo

Nilitoka Masasi kwa basi la alfajiri nikiwa na begi moja na mfuko wa korosho ambao mama aliniambia nisiufungue mpaka nifike kwa dada. Tulipofika Lindi nilikuwa nimeshaufungua. Sijui kukaa na kitu kilichofungwa, kama nisivyojua kukaa mahali pamoja. Tangu nimalize kidato cha nne nimeishi Kilwa kwenye chumvi, Kilombero kwenye mpunga, Geita kwenye mashimo ya dhahabu, na kila mahali nilianza kupapenda wiki ile niliyokuwa naondoka.

Dar es Salaam nililala kwenye benchi la stendi nikapanda basi lingine. Morogoro, Dodoma, Singida. Kila basi lilipopunguza mwendo moyo ulinidunda, si kwa hofu, bali kwa sababu sipendi kusimama. Baada ya Shinyanga nchi ikalala chini kabisa. Miamba imekaa juu ya miamba kama mtu aliyeipanga na kuisahau, udongo mweusi umepasuka kwa jua, ng'ombe wengi kuliko watu, na pamba pande zote mbili za barabara mpaka Maswa, na baada ya Maswa pamba tena. Niliposhuka Bariadi miguu ilikuwa imevimba, viatu havivaliki. Nilimkuta dada yangu stendi, amesimama na kaniki ya msiba mabegani. Aliangalia miguu yangu kwanza, ndipo akaniangalia uso.

"Umekuja kweli," alisema. "Nilijua utashukia njiani."

Mumewe alikuwa amefariki, na mazishi sikuyawahi. Lakini alikuwa amenipigia simu kuhusu jambo jingine. "Kuna kikao cha ukoo," aliniambia. "Wao wako wengi, mimi niko peke yangu. Njoo ukae upande wangu tu, hata usiposema kitu."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Yeye na marehemu walikuwa na mji wao Zagayu: nyumba ya bati, shamba la pamba lililozungushiwa minyaa, kipande cha mpunga kule mbugani, na ng'ombe waliochungwa pamoja na wa kaka mkubwa wa marehemu. Kaka huyo alitaka awe msimamizi wa mirathi. Akiwa yeye, mji ungerudi mikononi mwa ukoo, na dada angekaa pale kwa kuruhusiwa. Anayekaa kwa kuruhusiwa, siku yoyote anaweza kuambiwa aage.

Huyo kaka wa marehemu ndiye shemeji ninayemsema humu. Mtu mrefu, buti za mvua miguuni hata kiangazi, fimbo mkononi, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nilipoingia kwenye kikao alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, shemeji. Nimesikia kwenu mnakula panya. Huku tutakutafutia, ila utatuvumilia, hawatoshi."

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba panya wa huku nimewaona njiani, wamekonda sana, labda kwa sababu ya kula michembe, vile viazi vyenu vya kukausha, kila siku. Wakacheka zaidi, na yeye akacheka kuliko wote. Nilimpenda pale pale. Ilinisumbua baadaye, kwamba nilimpenda.

Kikao kilikwenda haraka. Walimchagua yeye. Sengi wao, shangazi mzee wa marehemu ambaye neno lake lilikuwa la mwisho kwenye ukoo ule, aliuliza, "Mke wa marehemu ana neno?"

Dada akainamisha kichwa. "Sina, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma.

Tulipoingia ndani alianza kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. "Nina neno," alisema. "Ila si la kusemea pale. Ukienda mahakamani wanakusikiliza mpaka mwisho?"

Sikujua. Nilimwambia ndiyo.

*

Uamuzi wa ukoo haukutosha wenyewe. Ilibidi shemeji aupeleke mahakama ya mwanzo, na mahakama ikabandika tangazo ubaoni: fulani ameomba kusimamia mirathi ya fulani, mwenye pingamizi ajitokeze. Siku hizo watu wa Itilima, wilaya ya Zagayu, bado walikuwa wanakuja Bariadi kwa mambo mengi ya mahakama, kwa hiyo nilimpakia dada kwenye baiskeli, safari ya asubuhi nzima, akaweka pingamizi lake. Karani alimwuliza mara mbili kama ana uhakika. Dada alijibu mara moja tu.

Mimi nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba hakimu ni mtu mmoja aliye juu, anasema, yanakwisha. Mahakama ya mwanzo ya wakati ule haikuwa hivyo. Hakimu wetu alikuwa mwanamke kijana, mdogo kwangu kwa umri, aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine; ukimsalimia kwa Kisukuma anatabasamu bila kuelewa. Pande zake mbili walikaa wazee wa baraza, watu wa pale pale: mwalimu mstaafu na mama mmoja wa kanisani. Mawakili hawakuruhusiwa. Unasimama mwenyewe, unaapa, unaongea, anayekupinga anakuuliza maswali, halafu wazee nao wanakuuliza. Na mwishoni hao wazee walipiga kura. Hakimu alikuwa na kura moja kama wao. Nilipoambiwa hivyo sikuamini. Wale wawili wakikubaliana, hakimu anashindwa ndani ya mahakama yake mwenyewe.

Kwa hiyo maswali hayakuwa ya sheria tu. Mwalimu mstaafu alimwuliza dada, "Kwenye msiba ulinyoa?"

"Nilinyoa."

"Nani alikunyoa?"

"Sengi."

"Na mtoto wako wa kwanza, jina alimpa nani?"

"Huyo hapo." Akamwonyesha shemeji kwa kidevu. Shemeji akaangalia buti zake.

Zamu ya shemeji ilipofika aliongea vizuri. Shamba lilikuwa la baba yao. Yeye ndiye aliyelisafisha akiwa kijana, mdogo wake akiwa bado anacheza. Hakumfukuza mtu. "Mheshimiwa, huyu mama ni wetu. Hatumtoi. Tunachosema ni kwamba mji una mwenyewe, na mwenyewe ni ukoo."

Mama wa kanisani akainama mbele. "Baba, wewe ukimwoza binti yako, utapenda akae kwa watu bila kuwa na kwake?"

"Nitamchukua, arudi nyumbani."

"Kwa hiyo huyu naye arudi Masasi, kwa basi la siku mbili?"

Watu kwenye mabenchi waliguna. Hakimu akagonga meza kwa kalamu.

Hukumu ilitoka baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Mwalimu mstaafu alikuwa upande wa ukoo. Mama wa kanisani na hakimu walikuwa upande wa dada. Dada akawa msimamizi wa mirathi, mji pamoja na ng'ombe. Tulikunywa soda kwenye kibanda mbele ya mahakama, dada akiishika chupa kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa tayari naangalia mabasi. Nilikuwa nimeambiwa kuna kazi ya boti kule Kigoma. Nilimwambia dada nitaondoka Jumatatu.

Jumatatu haikufika kabla ya habari kutufikia kwamba shemeji amekata rufani.

*

Hapo ndipo nilipojua kwamba mahakama ni ngazi. Aliyeshindwa chini anapewa muda wa kupanda. Kutoka ya mwanzo unakwenda ya wilaya, na ndani ya muda wenyewe shemeji alipanda. Dada alijiandaa kama mara ya kwanza. Alirudia maneno yake kila jioni akichambua mboga, akaongeza mengine aliyoyasahau: jinsi walivyojenga choo, jinsi alivyouguza baba mkwe.

Siku ilipofika alisimama mbele ya hakimu wa wilaya, mwanaume wa makamo mwenye miwani, akaanza, "Mheshimiwa, mimi nilikuja kwenye mji ule nikiwa na miaka..."

"Mama," hakimu alimkatiza, kwa upole. "Hayo nimeshayasoma. Hapa hatusikilizi ushahidi upya. Tunaangalia kama mahakama ya chini ilikosea. Mrufani ana hoja zake, wewe utazijibu hizo tu."

Dada alikaa. Nje aliniambia, "Ulisema wanasikiliza mpaka mwisho."

Kwenye benchi la nje palikuwa na mzee wa Mwandoya mwenye kesi ya ng'ombe iliyokwishapanda na kushuka, na alikuwa amejifunza ngazi zote kwa miguu yake. Alimwonea dada huruma akamweleza. "Mayu, sikiliza. Mahakama ya mwanzo wanakuangalia uso. Ya wilaya wanaangalia karatasi. Mahakama Kuu, ile ya Shinyanga, majaji wanaangalia sheria. Juu yake kuna Rufani, na kwa mashauri yetu haya yaliyoanzia chini, huendi mpaka upewe cheti kwamba shauri lako lina jambo la sheria la kuwasumbua wakubwa. Huko sijafika. Nasikia wanakaa watatu, wanaangaliana wao wenyewe."

"Na mimi nitaonekana wapi tena?" dada akauliza.

"Ulishaonekana," mzee alisema. "Yule binti wa chini alishakuandika. Sasa hivi wewe ni karatasi."

Niliyafikiri sana maneno hayo, kwa sababu muda wa kufikiri ulikuwa mwingi. Shauri liliahirishwa. Jalada halijaja kutoka chini, likaja. Hakimu yuko likizo, akarudi. Nilikuwa nimepata kibarua kwenye ghala la pamba mjini, nikapanga chumba karibu na mahakama ili nifuatilie, na kila nilipotoka kazini, nyuzi za pamba kwenye nywele, nilikwenda stendi kusimama tu. Najua mabasi yote ya wakati ule. La Mwanza kupitia Lamadi, la Arusha, la Dodoma. Nilijua kondakta yupi anakubali kupunguza. Nilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba akala majani yote yaliyo karibu.

Wakati mmoja jaji wa Mahakama Kuu alikuja kutoka Shinyanga kwa kikao cha kesi za mauaji. Polisi walijipanga, wakakagua viatu vyao wenyewe. Nilisimama nje ya uzio na watu wengine. Alishuka garini mtu mfupi, mnyenyekevu wa mwendo, akazunguka gwaride kama anayetafuta kitu alichoangusha, akaingia ndani. Mwanamke mmoja kando yangu aliuliza jaji atalala kwa nani. Akajibiwa halali kwa mtu, hali kwa mtu, hanywi chai ya mtu. "Maskini," akasema. "Atawajuaje sasa?"

Wengine walimcheka. Mimi sikucheka. Nilijiona, mtu anayefika, haingii kwa mtu, anaondoka. Tofauti ni kwamba yeye akiondoka anaacha neno linalobaki.

*

Mbuzi alikuja wakati wa palizi. Ni Sengi aliyemleta, yaani alimtuma shemeji amlete. Alikuwa amechoka kuona watu wa mji mmoja hawaazimani jembe. Nilikuwa Zagayu siku hiyo, nikawa shahidi.

Walikaa uani. Sengi aliongea Kisukuma kwa muda mrefu, nami niliambulia kidogo. Halafu shemeji akasema kwa Kiswahili, ili niwemo: dada akae kwenye mji wake, hakuna wa kumgusa. Ng'ombe wabaki kwenye zizi lake yeye, kama walivyokuwa wakati wa marehemu. Jambo lolote la mji lifike kwake kwanza. Dada akasema amekubali. Wakachinja, wakachoma, wakala kwenye sinia moja, shemeji akimkatia dada vipande vya ini kwa kisu chake. Nilikula na mimi. Alikuwa mbuzi mnono.

Wakati wa kunawa nikauliza, "Na kesi ile, nani atakwenda kumwambia hakimu?"

Shemeji aliniangalia kama anayemtazama mtu aliyetapika kwenye sinia.

"Kesi ipi, shemeji?"

"Ya rufani. Tarehe yake ni wiki ijayo."

"Mbuzi ameliwa," alisema. "Mbuzi akishaliwa hakuna kesi."

"Kesi ipo. Mpaka mtu aende akaiondoe."

"Nikienda nikasimama mbele ya hakimu, nikataja maneno haya tena, nitakuwa nimemtapika mbuzi. Unataka nimtapike?"

Sengi naye alitikisa kichwa, na dada, dada yangu wa tumbo moja, alisema, "Mdogo wangu, nyamaza. Yamekwisha."

Kwao yalikuwa yamekwisha kweli. Nimezunguka nchi hii, sijaona watu wanaoheshimu mlo wa suluhu kama wale. Ila mimi nilishakaa kwenye benchi la mahakama muda mrefu, nikajua kwamba jalada halili nyama. Mrufani asipokuja, rufani inaweza kufutwa. Lakini akija yeye peke yake, na dada hayupo, hakimu anaweza kuendelea upande mmoja. Dada aliapa haendi. Shemeji aliapa haendi. Kama mmoja wao alikuwa anadanganya, dada angepoteza mji kwa kuwa mwaminifu.

Siku yenyewe nilitoka ghalani bila ruhusa nikaenda mahakamani. Nikaingia, nikakaa, nikageuza shingo. Shemeji alikuwa kwenye benchi la nyuma, buti zake miguuni, kofia magotini.

Hatukusalimiana. Tulikuwa kama wanaume wawili waliokutana mlangoni kwa mganga.

Shauri likaitwa. "Mrufani?"

Akasimama.

"Mjibu rufani?"

Nikasimama mimi. Hakimu akaniuliza mimi ni nani, nikasema ni ndugu yake. Akauliza kama nina mamlaka ya kumwakilisha kisheria. Sina. "Basi kaa." Akamgeukia shemeji. "Mwenzako alijulishwa tarehe, hajafika. Unaomba nini? Unaweza kuomba tuendelee bila yeye."

Neno moja tu lilihitajika, na alikuwa amepewa bure. Shemeji aligeuka akaniangalia, kisha akamtazama hakimu.

"Mheshimiwa, tulishakula mbuzi."

"Nani?"

"Sisi. Mimi na yeye. Na huyu hapa alikula."

Mabenchi yalicheka. Hakimu alivua miwani. "Mzee, mahakama haikula. Unataka kuiondoa rufani yako?"

"Kuiondoa, hapana. Nikiiondoa ni kama nimeshindwa."

"Unataka tuendelee nayo?"

"Hapana. Imekwisha."

Hakimu alieleza kwa subira ambayo bado naikumbuka. Sheria haijui neno imekwisha. Inajua kuiondoa. Inajua kuisikiliza. Au kama wamepatana, waje wote wawili, waandike hati ya suluhu, waisaini, mahakama iisajili, na makubaliano hayo yachukue nafasi ya hukumu ya chini. Akaahirisha. Dada aletwe.

Nje nilimwuliza shemeji kwa nini alikuja. Alikuwa anafuta jasho kwa kofia. "Nilidhani yule atakuja," alisema. "Na wewe?"

"Nilidhani wewe utakuja."

"Basi sote tulifikiri vibaya," akasema, akapanda baiskeli yake.

*

Nilipofika chumbani ndipo maneno ya hakimu yaliponikaa. Yachukue nafasi ya hukumu. Wakiandika yale ya mbuzi, dada atakaa kwenye mji kwa sababu shemeji amesema akae. Hukumu ya yule binti wa mahakama ya mwanzo ilimpa mji kwa sababu ni wake. Yanafanana ukiyaangalia kwa mbali, kama mtama na uwele. Niliendesha baiskeli mpaka Zagayu nikamwambia dada asisaini. Asaini nini? Haendi, alisema. Nikamwambia hakimu anamtaka. Nikamwambia tupambane, na tukishindwa tutakwenda Shinyanga, kwa jaji.

Alinisikiliza akiendelea kupalilia. Alipofika mwisho wa tuta alinyoosha mgongo.

"Wewe utaondoka," alisema. "Usinikatalie. Hakimu naye atahamishwa, jaji hanijui hata sura. Atakayebaki hapa na mimi ni yule mwenye buti. Nikimshinda mpaka Shinyanga, nitaazima dume la kulimia kwa nani?"

Siku ya tarehe tuliondoka watatu, shemeji mbele na baiskeli yake, mimi nyuma nimempakia dada. Njiani waliongea habari za wadudu wa pamba. Tulisimama kunywa chai, wakagawana kitumbua. Mtu asiyejua angesema tunakwenda harusini.

Kwenye baraza ya mahakama, kabla hatujaitwa, dada alipiga magoti mbele ya shemeji, kama anavyomsalimia nyumbani.

"Baba mkubwa," alisema. Alimwita kwa jina wanalomwita watoto wake. "Ng'ombe kaa nao. Sitakudai mbele ya mtu. Neno la mji nitalileta kwako kwanza, kama tulivyosema. Ila hukumu usiiguse. Rufani iondoe."

"Hukumu ina faida gani kama ng'ombe unaniachia?"

"Wewe utakufa."

Shemeji alishtuka, mimi pia.

"Na mimi nitakufa," dada akaendelea, sauti yake ile ile. "Tukifa, watabaki watoto wako na wangu. Wale hawakula huyo mbuzi."

Shemeji alichora mstari sakafuni kwa ncha ya fimbo, akaufuta kwa buti. Karani alitoka akaita shauri la mtu mwingine. Hatimaye akanyanyua fimbo akanielekezea.

"Na huyu?"

"Amefanya nini?" dada akauliza.

"Huyu hajanikosea. Ila akiwa hapa kesi hailali. Kila nikimwona, namwona karani. Tunaweza kukaa sisi, huyu akiwa kwao."

Nilikuwa nafungua mdomo kusema kwamba nimetaka kuondoka tangu siku niliyofika. Dada aliwahi.

"Ataondoka," alisema. Hakuniangalia.

Ndani ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Shemeji alisimama akasema anaiondoa. Hakimu akauliza kama ni kwa hiari yake, hakulazimishwa na mtu. "Kwa hiari ya mbuzi, Mheshimiwa," alisema, na safari hii hakimu naye alicheka huku akiandika. Rufani ikawekwa alama kwamba imeondolewa. Hukumu ya chini ikabaki kama ilivyoandikwa.

*

Nilifunga begi langu mara tatu. Jambo hilo halijawahi kunitokea. Kila mahali nimeondoka kama mtu anayevua shati, lakini Bariadi nilikuta naondoa vitu na kuvirudisha, nagombana na mwenye nyumba kuhusu ndoo ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa nimejua mabasi yote ya pale, na siku hiyo sikutaka hata moja. Kufukuzwa ni kitu kingine. Nilifikiri hata kwenda Migato, ambako mwenzangu wa ghalani alikuwa na shamba, nijifiche kule mpaka mavuno. Lakini dada alikuwa ameshatoa neno lake, nalo ndilo lililoshikilia mji.

Hakuja stendi. Asubuhi hiyo aliitwa mahakama ya mwanzo kuapa na kuchukua barua yake ya usimamizi, na karani alikuwa amemwonya asichelewe. Tuliagana jana yake, shambani, bila maneno mengi. Alinishika kichwa kama alivyonishika nilipokuwa mdogo, akaniambia nisishukie njiani.

Aliyekuja ni shemeji. Alibeba begi langu mpaka kwenye buti la basi, akasimama pale kama anayehakikisha mzigo unaondoka.

"Usinichukie, shemeji," alisema.

"Sikuchukii."

"Mimi nakuchukia kidogo," akasema, akacheka kwa kujizuia. "Lakini itapita."

Nikapanda. Gari lilipopita mbele ya mahakama ya mwanzo niliinuka kwenye kiti, nikamwegemea abiria wa dirishani mpaka akanisukuma kwa kiwiko. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya nje, wanawake wengi, khanga za kila rangi. Nilitafuta kaniki moja katikati yao. Dereva aliongeza mwendo kabla sijaiona.